Kilosa, Bandari ya Nchi Kavu

Reli ya Kati ilifika Kilosa mwaka 1909. Ujenzi ulikuwa umeanza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwishoni mwa 1907, kisha ukaikata mbuga ya Mkata hadi chini ya milima ya Usagara, pale Mto Mkondoa unapotoka bondeni. Kwa reli ni kilomita 283 kutoka baharini. Kazi ilifanywa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Ujerumani kwa ajili ya shirika la reli la Ostafrikanische Eisenbahngesellschaft. Hao ndio walioandikwa kwenye mikataba. Waliochimba, waliojaza tuta na waliobeba vyuma walikuwa Waafrika, wengi wao Wanyamwezi, watu ambao tangu zamani walishuka pwani na kupanda bara na misafara. Vipande vya kazi vilikabidhiwa pia makandarasi wadogo wa Kigiriki, na Wagiriki hao tutakutana nao tena mbele.

Reli haikubuni njia hapa. Henry Morton Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871 alihangaika kwenye matope ya Mkata akiwa na msafara wake, halafu akafuata bonde hilohilo la Mkondoa kupanda kwenda Mpwapwa. Naye alikuwa akifuata nyayo za wapagazi wa pembe na vitambaa, na wapagazi walikuwa wakifuata maji. Wahandisi wa Kijerumani walipokuja na darubini zao za kupimia waliishia kukubaliana na wapagazi: mlango wa kupandia bara ni huu. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa moja tu. Mpagazi akikuta mto umefurika huketi akangoja. Reli haiwezi kuketi.

Nimeiita Kilosa bandari, na sisemi hivyo kwa mapambo. Bandari ni mahali mzigo unapobadilisha chombo, na mji hula kutokana na kubadilisha huko. Katika Kilosa pamba na katani zilishuka vichwani na kwenye mikokoteni zikapanda mabehewani. Mapema kabisa, hata reli ikiwa bado njiani, mwenye viwanda vya nguo wa Württemberg aitwaye Heinrich Otto alikuwa amekwisha kuchukua ardhi Kilosa alime pamba ya kulisha mashine zake za Ulaya. Alikuja kwa sababu alijua treni inakuja. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mkonge ukatanda kutoka Kimamba hadi Rudewa na Msowero, na katika mashamba hayo baadhi ya mabwana walikuwa Wagiriki, kabila moja na wale wa vipande vya tuta. Mwaka 1943 serikali ya Kiingereza ikaweka kituo cha utafiti wa kilimo Ilonga, kaskazini kidogo ya mji, ambacho mpaka leo kinatoa mbegu. Ukitaka kujua kwa nini kituo kama hicho kiliwekwa Ilonga na si kwingine, tazama umbali wake na stesheni.

Vita viliifikia stesheni mapema. Tarehe 22 Agosti 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali van Deventer, wengi wao kutoka Afrika Kusini, yaliingia Kilosa, na Wajerumani walikuwa wamerudi nyuma huku wakivunja madaraja ya reli yao wenyewe. Siku nne baadaye Morogoro nayo ikaanguka.

Hapa naomba nisimame Morogoro kidogo, kwa sababu habari ya stesheni haikamiliki bila habari ya baa iliyo mkabala nayo. Mbele ya stesheni ya Morogoro Wajerumani walijenga, muda mfupi kabla ya vita, hoteli iliyoitwa Bahnhof, yaani ya stesheni kama ilivyokuwa. Inasimuliwa kwamba Waingereza walipoingia mjini tarehe 26 Agosti walikuta hoteli haina mtu, lakini kinanda cha kujiendesha kimeachwa kikipiga Deutschland über alles. Watu waliokimbia walikuwa na muda wa kutosha wa kufanya mzaha. Jengo lile baadaye likaitwa Savoy, kisha New Savoy, na vizazi vya wasafiri wa reli vilishukia hapo, vikala, vikanywa, vikalala kungoja treni ya kesho. Katika mistari mirefu ya reli hizi za mita moja hoteli ya stesheni ilikuwa ndiyo sebule ya mji. Hakimu wa wilaya, meneja wa shamba, karani wa reli na mfanyabiashara wa Kihindi walijuana kupitia meza zake, japo si wote walikaa meza moja.

Hapo ndipo historia ya baa za kikoloni inapoanza kuuma. Mwafrika aliyejenga tuta hakuingia kwenye veranda ile kama mteja. Kwa sehemu kubwa ya utawala wa kikoloni alizuiwa kisheria kununua pombe kali za viwandani, na katika miji kama Kilosa alielekezwa kwenye kilabu cha pombe: banda la wazi, mabenchi, mapipa, na kibali cha serikali ya mitaa iliyojipatia ushuru kutokana na kila debe lililopikwa. Bia ya chupa iliyoanza kutengenezwa Dar es Salaam mwaka 1933 ilipita juu ya reli ileile ikielekea bara, na kwa muda mrefu ilipita kwenda kwa wengine. Leo watu wakizungumza juu ya kuhifadhi majengo ya starehe ya enzi hizo wanafikiria veranda za Wazungu, kwa sababu zile zilijengwa kwa mawe. Kilabu cha komoni, pombe ya kienyeji, kilijengwa kwa fito na mabati, na kimebomolewa na kusimikwa upya mara nyingi kiasi kwamba hakina cha kuhifadhi isipokuwa mahali pake. Lakini mahali napo ni historia. Sijui kwa nini tumekubali kwamba urithi lazima uwe na ukuta wa nusu mita.

Turudi Kilosa. Anayetafuta uzuri wa usanifu katika stesheni za njia hii asitafute nakshi. Wajerumani waliweka nakshi zao mijini, kwenye makanisa na kwenye ofisi za pwani zilizokusudiwa kutazamwa kutoka melini. Kwenye reli ya bara walijenga kama watu wenye haraka na hesabu: kuta nene, paa la mabati lenye mwinamo mkali wa kumwaga mvua, baraza pana upande wa treni, madirisha ya kuachia upepo. Hata mataruma waliyaweka ya chuma, kwa kuwa mchwa wa Tanganyika hawangewaachia ya mbao. Uzuri uko kwenye mpangilio. Jukwaa la abiria, ghala la mizigo, kota za wafanyakazi wa reli, mtaa wa maduka ya Kihindi unaotokea stesheni, boma la serikali lisilo mbali na mlio wa treni, vyote vimepangwa na kitu kimoja, nacho ni saa ya treni. Ukibomoa ghala ukaacha stesheni, umeacha sentensi isiyo na kitenzi.

Stesheni hii imebadilisha mwajiri mara nyingi kuliko mashirika mengi nchini. Kutoka kwa Wajerumani ilikwenda kwa jeshi la Waingereza, kisha Tanganyika Railways. Mwaka 1948 ikaunganishwa na reli za Kenya na Uganda chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 likazaliwa Shirika la Reli Tanzania, TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya TRL, ambayo wabia wake wakubwa walikuwa RITES wa India. Ndoa hiyo haikudumu, serikali ikanunua hisa zao, na kwa sheria ya mwaka 2017 jina la TRC likarudi. Katika mabadiliko yote hayo stesheni masta aliendelea kupokea treni. Mimi huona hilo ni jambo la kusifiwa kuliko uzinduzi wowote.

Zama za mwisho wa ukoloni na mwanzo wa uhuru ndizo zilizoipa Kilosa cheo chake kikubwa, cha kuwa njiapanda. Mwaka 1960 tawi la reli likatoka Kilosa kwenda kusini hadi Mikumi, na mwaka 1965 likasukumwa hadi Kidatu, kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero. Sukari ikawa inapanda kuja Kilosa na kushuka pwani. Mwaka 1998 Kidatu ikawa mahali pa kuhamishia mizigo kati ya reli hii yenye upana wa milimita 1,000 na ile ya TAZARA yenye milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67, na ndiyo iliyolazimu kila gunia libebwe upya. Bandari nyingine ya nchi kavu.

Mikumi yenyewe ilikuwa na bahati tofauti. Reli iliifikia, lakini barabara ndiyo iliyoilea. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia ilipowekwa lami, mji ukageukia malori: nyumba za wageni, wachoma nyama, baa zenye viti vya plastiki na maegesho mapana kuliko baa yenyewe. Kama Kilosa ni mji uliopangwa na treni, Mikumi imepangwa na breki za lori. Nayo inastahili kuandikwa siku moja na mtu mwenye subira, kwa sababu baa ya njiani ya dereva wa masafa ni taasisi ya kweli ya Tanzania huru, na hakuna mpaka sasa aliyeiona kuwa ni usanifu.

Lakini kuna jambo lililotokea mwaka 1964 linalozihusu Kilosa na Mikumi pamoja. Mwaka huo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa. Leo ina kilomita za mraba 3,230. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Mambo ya Kale, badala ya ile ya kikoloni ya mwaka 1937. Tembo wakapata mpaka. Majengo yakapata tarehe: sheria inalinda moja kwa moja jengo lililosimama kabla ya mwaka 1863. Milango ya mbao iliyochongwa ilipewa upendeleo, yenyewe inahesabiwa kabla ya 1940.

Pima hapo. Kwa mujibu wa tarehe hiyo, magofu ya Kilwa ni mambo ya kale, nayo Reli ya Kati yote, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ilikofika mwaka 1914, ni kitu kipya. Stesheni ya Kilosa ingehitaji kuzaliwa zaidi ya miaka 46 mapema ili umri wake uilinde. Sheria haikufunga mlango kabisa: Waziri anaweza kutangaza jengo la umri wowote kuwa kumbukumbu ya taifa, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Maana yake, kila jengo la enzi ya Wajerumani au Waingereza linategemea mtu fulani ofisini aamke asubuhi akumbuke kuliandikia barua. Dar es Salaam, penye wasomi na mabalozi wa kukumbusha, majengo kadhaa yaliandikiwa. Miji ya reli haina wa kukumbusha.

Hata huko Dar es Salaam ulinzi haukutosha kwa nyumba za starehe. Kaiserhof, hoteli kubwa ya Wajerumani, iligeuzwa jina ikawa New Africa. Hoteli iliyopo leo kwa jina hilo ni jengo jingine kabisa. Klabu ya Wazungu ya Dar es Salaam iliyotazama bandari ilipona kwa njia ya ajabu kidogo: ikawa hoteli ya Forodhani, na baadaye ikawa Mahakama ya Rufani. Kuta zilizozoea hoja za watu waliokwisha kunywa zikaanza kusikiliza hoja za mawakili.

Mfano wa kutazama uko ng'ambo ya maji. Klabu ya Waingereza Unguja, English Club, ilianzishwa mwaka 1888, na jengo lake la Shangani linatazama machweo juu ya bahari. Wanachama walikuwa maafisa na wafanyabiashara Wazungu. Baada ya Mapinduzi lilichukuliwa, likaitwa Africa House, likawa hoteli ya serikali, likachakaa, ila baa ya verandani haikukosa watu. Mwaka 2001 lilifunguliwa tena baada ya kukarabatiwa. Kilichookoa jengo lile hakikuwa cheti chake lenyewe. Zanzibar ilikuwa imeunda mwaka 1985 mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, ikatunga sheria yake mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji mzima katika Urithi wa Dunia. Baa ililindwa kwa sababu mtaa ulilindwa. Mwenye kutaka kubadilisha dirisha la chumba cha juu anajibu kwa mamlaka inayoutazama mji wote.

Wala nisipake asali kupita kiasi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jengo mashuhuri kuliko yote ya Mji Mkongwe, ilianguka ikiwa mikononi mwa ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Lebo ya urithi haishikilii boriti.

Kwa Kilosa adui wa siku zote ni mto. Mwaka 1947, Waingereza walipokuwa wakipeleka matrekta Kongwa kwa ule mradi wao wa karanga, Mto Kinyasungwe ulifurika ukachukua reli, na mradi uliotangazwa London kwa mbwembwe ukabaki kutegemea barabara ya udongo. Kinyasungwe ndiyo huohuo unaotelemka na kuitwa Mkondoa unapokaribia Kilosa. Kipande kati ya Kilosa na Gulwe, kikipita Munisagara, Mzaganza, Kidete na Godegode, kimeng'olewa na maji kiasi kwamba wahandisi wa reli hukitaja kwa namba za kilomita kama madaktari wanavyotaja kitanda cha mgonjwa. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yalivunja tuta la zamani la mji, yakahamisha maelfu ya watu wa Kilosa hadi kwenye mahema, na reli ikafungwa kwa miezi. Wajapani kupitia JICA walikuja baadaye kuchunguza bonde zima, na hitimisho la uchunguzi wa namna hiyo huwa lilelile: si suala la reli pekee, ni misitu ya juu, ni mchanga, ni mashamba ya ukingoni.

Mwaka 2024 jibu jipya lilifika. Treni ya umeme ya reli ya kiwango cha kimataifa ilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni, ikafika Dodoma mwezi Julai, ikazinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti. Milima ya Kilosa imetobolewa mahandaki ili njia isilale tena miguuni mwa Mkondoa, na Kilosa imepewa stesheni nyingine, mpya, ya zege na vioo. Ni kazi nzuri, na mtu aliyewahi kulala njiani akingoja tuta litengenezwe hatakubali kuambiwa vinginevyo.

Ila kwa stesheni ya zamani hii ndiyo hatari kubwa kuliko mafuriko yote. Kwa zaidi ya miaka mia moja haikulindwa na sheria yoyote. Ililindwa na kazi. Paa lilizibwa kwa sababu karani alilowa. Jukwaa lilifagiliwa kwa sababu treni ilikuwa ikija. Abiria wakihamia upande wa pili wa mji, na mizigo ikipungua kwenye reli ya mita, hakuna atakayelowa, na ghala lisilo na mzigo halikosi mtu wa kulitaka kwa mabati yake.

Kinachowezekana si kikubwa. Sehemu ya kuanzia ni kutotangaza jengo moja. Tangazo litakaloitaja stesheni ya Kilosa peke yake litarudia kosa la kuchagua veranda na kusahau kilabu. Itajwe njia: kutoka Morogoro, na hoteli iliyo mkabala na stesheni yake, kupitia Mkata, Kimamba na Kilosa, hadi Gulwe, pamoja na kota, maghala, madaraja na matuta, na tawi la Mikumi na Kidatu ambalo ni kumbukumbu ya miaka ya uhuru. Sheria ya 1964 inaruhusu Waziri kufanya hivyo bila kugusa ile tarehe ya 1863, ingawa kuigusa nako kungefaa. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 tayari inatoa nafasi kwa halmashauri na wananchi kushika sehemu yao.

Halafu majengo yapewe wapangaji wa kazi, si makumbusho tu. Kilosa haihitaji chumba chenye picha tano nyuma ya kufuli. Inaweza kuwa na mgahawa kwenye baraza la treni, ofisi ya mkulima anayechukua mbegu za Ilonga, maktaba ya wilaya ndani ya ghala. Hifadhi ya Mikumi inapokea wageni ambao wengi wao huondoka bila kujua kwamba ndani ya wilaya hiyohiyo, mwendo wa kama kilomita 70 kwa gari, upo mji mzima wa reli. Na kabla ya hayo yote wapelekwe vijana wa vyuo vya ardhi na usanifu wakapime kila ukuta, wachore ramani, wawahoji wastaafu wa reli wanaokumbuka injini za mvuke: banda la komoni lilikaa wapi, foleni ya daraja la tatu ilianzia wapi, kengele ilining'inia nguzo ipi.